Mbegu ya Balozi wa Tatu

Siku ya Jumanne, tarehe 12 Novemba 1991, saa tatu na robo asubuhi, mvua nyepesi iliyoanza tangu alfajiri ilikatika juu ya Gatsata, na ukungu ukabaki umelala juu ya bonde la Nyabugogo kama mgonjwa asiyetaka kuondoka kitandani. Katika saa hiyo, mbele ya gereji iliyojaa magari yasiyo na magurudumu na magurudumu yasiyo na magari, Cassien Mutsinzi aliuona mtungi.

Ulikuwa mtungi wa alumini, mnene tumboni, mwembamba shingoni, na fundi aliyekuwa nao alikusudia kuukata ili apate beseni la kuoshea spana. Mtu mwingine yeyote angeona beseni. Cassien aliona kilima kizima chenye ng'ombe, na wenye ng'ombe, na mifuko ya wenye ng'ombe.

Hakuwa mjinga wa mambo hayo. Kwa miezi minane alikuwa ameajiriwa katika kituo kimoja cha mifugo, kazi yake rasmi ikiwa kuosha glavu na buti za wataalamu. Kazi yake isiyo rasmi, yaani kuuza maziwa ya kituo, ndiyo iliyomrudisha mjini mapema. Lakini kabla ya kurudishwa aliona mengi. Aliona mitungi kama ule, iliyohifadhi mbegu za mafahali wa Ulaya katika mirija myembamba, ndani ya hewa iliyogeuzwa maji kwa baridi kali. Aliona wafugaji wazima, watu wenye wajukuu, wakivua kofia pale kifuniko kilipofunguliwa na moshi mweupe ukapanda. Elimu ni bahari, naye alikuwa amechota kikombe kimoja. Mwaka ule, mjini Kigali, kikombe kimoja kilitosha. Tangu vita vilipoanza kaskazini mwezi wa Oktoba wa mwaka uliotangulia, bwana mifugo wa serikali hakuonekana tena vilimani. Petroli ilikuwa na wenyewe, barabara zilikuwa na vizuizi, na mtu hakutoka tarafa moja kwenda nyingine bila cheti. Mahali ambapo mtaalamu hayupo, koti jeupe ndilo mtaalamu.

"Faranga mia nane," alisema fundi.

"Mia nane kwa kopo la maji?"

"Kama ni kopo la maji, kwa nini macho yako yametoka hivyo?"

Cassien alilipa mia nane, akauchukua mtungi begani kwa heshima anayostahili maiti wa mtu mkubwa.

Jumamosi iliyofuata alipanda Gisozi, ambako alikuwa amepanga chumba kwa mzee Niyonzima, lakini safari hii alipita mlango wake na kuendelea juu. Alivaa koti jeupe. Kwapani alibeba picha ya fahali mweusi mwenye mabaka meupe, aliyoikata kutoka katika kalenda na kuigandisha juu ya karatasi ngumu. Ndani ya mtungi mlikuwa na maji yaliyochemka dakika ishirini kabla, na katika kisanduku mlikuwa na mirija kumi na miwili ya kunywea soda, iliyokatwa fupi, ikajazwa maziwa ya unga na kuzibwa kwa nta ya mshumaa.

Hakwenda kwa mtu yeyote tu. Alikwenda kwa Mukabalisa, mjane aliyezaliwa Biryogo, ambaye marehemu mumewe alikuwa mchuuzi wa ng'ombe na ambaye sasa aliteremsha maziwa kila asubuhi kuwauzia Waislamu wenzake wa huko. Pale Gisozi hapakuwa na mtu aliyenunua hata chumvi kabla ya kuuliza Mukabalisa amenunua ya wapi. Ukimpata yeye, umepata kilima.

Majirani kumi na mmoja walikusanyika kabla mvuke wa mtungi haujapoa.

"Mbele yenu," alianza Cassien akiinua picha, "ni Balozi wa Tatu, mzaliwa wa Uholanzi. Mama yake alitoa lita arobaini kwa siku, na siku ya mapumziko hakuijua. Binti za Balozi hawakamuliwi kwa kikombe, hukamuliwa kwa ndoo, na ndoo ya pili iwe karibu."

"Ni kama yule mtamba wa Mukabalisa?" aliuliza mmoja wao. Maana Mukabalisa alikuwa na mtamba mweusi na mweupe, aliyezaliwa miaka miwili nyuma kwa mbegu ya serikali, ambaye kwa wakati ule alikuwa ameragizwa, yaani kuachwa atunzwe, kwa shemeji yake huko Busanza kwa ajili ya majani. Kilima kizima kilimwonea wivu mtamba yule.

"Yule simjui," alisema Cassien, "lakini kwa mbegu ya serikali, atakuwa mpwa wa kambo wa binamu yake Balozi. Msichanganye ukoo na jirani wa ukoo."

"Na ng'ombe tasa?" Aliyeuliza ni Bayingana, konseye wa sekta, yaani diwani, mtu mwembamba aliyetembea na muhuri wa ofisi mfukoni kama wengine watembeavyo na rozari.

Cassien hakuwahi katika maisha yake kuacha swali lipite bila jibu zuri. Tutaona faida ya tabia hiyo. "Tasa, Bwana Konseye, ni neno la watu wasiomjua Balozi. Ng'ombe tasa akipewa mbegu hii, hushika kuliko wengine, kwa njaa."

"Tasa pia," alirudia Mukabalisa polepole.

"Tasa hasa, Mama."

Mukabalisa akaitikia kwa kichwa kama mtu anayekunja noti na kuiweka chini ya godoro. Kisha akanyoosha kidole, akagusa shingo ya mtungi, akakirudisha upesi. "Unaunguza, Dogiteri."

"Baridi ya Ulaya, Mama. Ikizidi sana huunguza."

"Ule wa serikali ulikuwa baridi tu."

"Ndiyo maana serikali imeishiwa."

Watu walicheka. Mukabalisa naye alicheka, ila alianza baada ya wote.

Sasa inafaa msomaji aelezwe ufundi wenyewe, kwa sababu hata wizi una adabu zake za kitaaluma. Kila mfugaji ajua kwamba ng'ombe aliyepandwa, akipitisha siku ishirini na moja bila kutafuta dume, ameshika mimba. Cassien alijua jambo la ziada alilojifunza kwa kuosha glavu: jinsi ya kuingiza mkono na kupapasa tumbo la uzazi. Basi aliomba achague mwenyewe ng'ombe wa kuanzia katika zizi la Mukabalisa, akavaa glavu ndefu, akawaingia wanne mmoja baada ya mwingine kwa uso wa mtu anayesoma mkataba. Katika wa tatu, aitwaye Bihogo, vidole vyake vilikuta alichokitafuta. Palikuwa tayari na mpangaji. Akatoa mkono akitabasamu, akatia mrija, akamzawadia Bihogo vijiko viwili vya maziwa ya unga mahali ambapo maziwa hayajawahi kuingilia.

"Siku ishirini na moja," alitangaza. "Asipotafuta dume, mtajua. Mimi silipwi mpaka mwone kwa macho yenu. Halafu ni faranga elfu tano kwa mrija, na mirija iliyobaki ni kumi na mmoja."

Majirani walihesabiana kwa macho. Walikuwa kumi na mmoja.

Mukabalisa alimletea maziwa katika kibuyu. "Dogiteri, ulipoingiza mkono kwa Bihogo, hukukuta kitu?"

"Nilikuta afya, Mama."

"Alhamdulillahi," alisema Mukabalisa, akamtazama akinywa mpaka tone la mwisho.

Bihogo, kama ilivyotarajiwa na watu wawili kwa sababu mbili tofauti, hakutafuta dume. Tarehe 7 Desemba, saa moja asubuhi, wale kumi na mmoja walimvizia Cassien barabarani, chini kidogo ya nyumba ya Mukabalisa, kila mmoja akihofia kwamba mwenzake atanunua miwili. Walilipa kwa kusukumana. Cassien alizifunga noti kwa ukanda mweusi wa mpira wa baiskeli, akauzungusha mara tatu, akatia bunda katika mfuko wa ndani wa koti jeupe. Kila mtu ataitiwa daktari siku ng'ombe wake atakapokuwa tayari. Hivyo ndivyo alivyoahidi. Hivyo ndivyo walivyoamini.

Walipofika uani, Mukabalisa alikuwa mlangoni. Aliwatazama majirani, akautazama mfuko uliovimba, akafungua kinywa, akakifunga. Kisha akaenda kwenye zizi dogo la nyuma na kutoka akimvuta ng'ombe ambaye Cassien hakuwahi kumwona: rangi ya asali, ngozi yenye kung'aa, mnene kama mke wa mhasibu.

"Majirani," alisema, "huyu mtu amenitendea ambalo sijawahi kutendewa. Mimi sitalipa kwa karatasi. Cassien, mbele ya hawa wote, nimekugabia Gaju."

Majirani walisogea karibu. Maana katika nchi ile kugabiwa ng'ombe si kupewa mbuzi wa sikukuu. Ni fungamano. Mwenye kugabiwa huapa kwa jina la aliyempa. Ng'ombe akizaa, humrudishia mgabi mtamba. Na kabla ya kumrudishia hauzi, hachinji, wala hajiondokei kama mtu aliyelala hoteli. Cassien aliijua desturi hiyo kama alivyoijua katekisimu, kwa moyo na bila madhara yoyote. Alipiga makofi ya shukrani, akainama mpaka koti likagusa tope, na kwa sauti iliyosikika hata Gatsata akaapa kama waapavyo: "Yampaye inka Mukabalisa," maana yake, naapa kwa Mukabalisa aliyenipa ng'ombe.

Konseye Bayingana aliandika tarehe katika daftari lake.

Jumatatu asubuhi Cassien alimteremsha Gaju hadi machinjioni Nyabugogo. Kesho yake alikusudia kuwa Bukavu. Bucha wa kwanza aliyekutana naye aliitwa Usumani, mtu wa mikono mipana na sauti nyembamba.

"Gaju," alisema Usumani, akimsalimu ng'ombe kwanza. "Mimi najua huyu tangu iko ndama. Mama Mukabalisa iko shangazi ya bibi yangu."

"Basi unajua ubora wake. Taja bei."

"Hii ng'ombe iko ya kugabiwa, Dogiteri. Habari ilifika hapa mbele yako. Hakuna kisu ya Nyabugogo itagusa yeye."

"Nani atajua?"

"Mimi. Na ule. Na ule mwingine." Kila aliyeonyeshwa aliinua kisu kidogo, kwa adabu. "Ngoja azae, rudishia mama mtamba yake, halafu leta."

"Atazaa lini?"

Usumani alicheka mpaka akashika ndoano ya nyama ili asianguke. "Gaju? Miaka sita, mafahali manne, hata ndama ya ndoto hajapata. Lakini wewe si iko na Balozi?"

Cassien aliamua kumwacha Gaju na kwenda bila yeye. Faranga elfu hamsini na tano hazihitaji majani. Alikwenda ofisini kwa Bayingana kuomba cheti cha safari.

"Bukavu, kufuata mbegu nyingine," alieleza.

"Vizuri. Na Gaju?"

"Atabaki."

"Na nani?"

"Na... na kilima, Bwana Konseye."

Bayingana alirudisha muhuri mfukoni. "Mtu mwenye deni la ng'ombe simpi cheti. Askari wa kizuizini wakimkamata kule, wataniuliza mimi."

"Hiyo ni sheria ya serikali?"

"Ni sheria ya daftari hili."

Ndipo ulipoanza msimu mgumu katika maisha ya mtaalamu wetu. Gaju alikula. Alikula kwa bidii ya mtu asiye na watoto wa kuwagawia. Kila asubuhi Cassien aliteremka bondeni kukata majani, akarudi na mzigo kichwani, koti jeupe likigeuka kijani kibichi. Mzee Niyonzima alisimama mlangoni.

"Nilipangisha chumba kwa miguu miwili," alisema. "Leo nahesabu sita."

"Ni mgeni, mzee."

"Mgeni wako amekula mlango wa choo."

Na kama hilo halikutosha, wale kumi na mmoja walianza kuja, mmoja baada ya mwingine, kila mara na habari njema: "Dogiteri, wangu leo anataka." Ikabidi achemshe maji, akimbie na mtungi, avae glavu, atie maziwa ya unga. Kwa wiki moja alifanya kazi halali ya daktari wa mifugo, jasho na kinyesi vikiwemo, na kilichokosekana ni daktari tu.

Siku ya nane alimwendea Mukabalisa. Majirani watatu walikuwa wamekaa juu ya ukuta mfupi, fimbo magotini.

"Mama, naomba kumrudisha Gaju."

"Wa kugabiwa harudishwi, mwanangu. Amekukosea nini?"

Cassien alishusha sauti. "Nadhani ni tasa."

Mukabalisa hakushusha yake. "Tasa ni neno la watu wasiomjua Balozi."

Mmoja wa wale watatu aliacha kutafuna kijiti.

"Au Balozi hawezi?" aliuliza Mukabalisa kwa upole. "Sema tu. Kama hawezi, hawa watu wangependa kujua."

"Balozi anaweza," alisema Cassien.

"Basi tia mbegu, tungoje. Miezi tisa, na mwaka mmoja mtamba akue. Sisi hatuendi popote. Ila kama una haraka, mtamba ni mtamba, tafuta mwingine unirudishie. Lakini awe mweusi na mweupe. Mtu wa Balozi akinirudishia wa kienyeji, watu watamcheka Balozi."

Njia ya mwongo ni fupi, walisema wahenga. Hawakusema kwamba mwishoni mwake pana bucha. Usumani alimsikiliza Cassien, akajikuna kidevu, akasema kwamba kwa bahati anajua mtamba wa namna hiyo, mweusi na mweupe, miaka miwili, safi. "Mwenyewe iko mama mmoja mjane. Hataki jina yake isikike."

"Bei?"

"Elfu sitini."

"Nina hamsini na tano."

Usumani aliitazama saa iliyokuwa mkononi mwa Cassien. "Na saa ngapi sasa?"

Hivyo Cassien akatoa bunda, ukanda wa mpira ukiwa bado umezungushwa mara tatu, na juu yake akaweka saa. Alijifariji kwamba cheti kikipatikana atakwenda mbali, mahali penye wajinga wapya, na kwamba mtungi bado upo. Mtu mwenye mtungi si maskini.

Jumapili, tarehe 22 Desemba, alimpandisha mtamba Gisozi, mtungi ukiwa begani, na kwa amri ya Bayingana akamleta Gaju pia, ili mashahidi wamwone mwenye deni na deni lake. Niyonzima alimvuta Gaju kwa furaha isiyofichika. Wale kumi na mmoja walikuwa wamepangana uani tangu saa nne. Cassien na Niyonzima walipofika kwenye kona ya mwisho, jambo la ajabu lilitokea: kamba ya mtamba, iliyokuwa imelegea njia nzima, ilikazika. Kwanza mtamba alitembea mbele ya Cassien. Kisha alimkokota. Akaingia langoni bila kubisha, akampita Mukabalisa bila kumsalimu, akakunja kushoto, akaingia zizini, akaenda moja kwa moja kwenye hori la pili na kuanza kunywa. Bihogo aligeuza shingo na kuanza kumlamba paji la uso, kama mama anayemfuta mtoto vumbi la safari.

Cassien alibaki na kamba mkononi.

"Amezoea haraka," alisema Bayingana.

"Deni la Gaju limelipwa," alitangaza Mukabalisa. "Mmeona?"

"Tumeona," wakajibu.

Ndipo alipofungua pindo la kanga yake na kutoa bunda la noti. Lilikuwa limefungwa kwa ukanda mweusi wa mpira wa baiskeli, mara tatu. Alianza kugawa, elfu tano kwa kila mkono, bila kukosea hata mmoja.

"Mama," alisema Cassien, "hizo ni zangu."

"Zako? Ulizipata wapi?"

Kumi na mmoja waligeuka kumsikiliza, pamoja na fimbo zao. Mtu ambaye hakuwahi kuacha swali lipite bila jibu aliliacha hili lipite, likapita taratibu.

"Ulijua lini?" aliuliza mwishoni.

"Ulipotoa mkono kwa Bihogo ukitabasamu. Daktari wa kweli angetoa mkono akanigombeza: Mama, huyu ana mimba ya miezi mitatu, unanipotezea mbegu. Yule wa serikali ndivyo alivyokuwa, mkali. Nikasema nikuache upande na kushuka mlima, utachoka. Lakini asubuhi ile nilichelewa kidogo kwa maziwa, nikakuta majirani zangu wameshakulipa. Wangekupiga. Wangekuvunja mkono, na mkono uliovunjika hautemi elfu tano. Pesa iliyoingia mfukoni mwa mwizi haitoki kwa kelele. Hutoka kwa adabu."

Cassien alitazama upande wa Niyonzima. "Angalau Gaju ni wangu."

"Aliyegabiwa akamdanganya mgabi hunyang'anywa. Hiyo nayo ni desturi. Ungeijua kama ungesikiliza mpaka mwisho. Usumani anamngoja kwa sikukuu." Akauchukua mtungi ambao Cassien alikuwa ameuweka chini, akaugonga kwa kidole. "Na huu nitapelekea maziwa ya moto Biryogo. Kuunguza unaunguza vizuri."

Kati ya wale kumi na mmoja, aliyebaki kulipwa alikuwa Bayingana. Alihesabu elfu tano yake mara mbili, kwa sababu ofisi ni ofisi, akaikunja, akaitia mfukoni, na kutoka mfuko huo huo akatoa muhuri. Aliegemeza cheti juu ya mgongo wa Gaju, akaandika mistari miwili, akagonga, akampa Cassien.

Cassien alikisoma akiteremka kuelekea Nyabugogo. Kilikuwa halali kabisa. Kilisema: *Mtu mmoja. Hana mzigo.*